Mtindi wa Kugandisha: Friza Haifanyi Kazi ya Jiko

Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, ndipo joto la Dodoma linapofikia kilele, na ndipo mahafali, kipaimara na mikusanyiko ya ukoo inapofuatana wiki hadi wiki. Kwa nyumba yenye friza, mtindi wa kugandisha ni kitindamlo kinachofaa sana msimu huo, kwa kuwa maziwa yapo, zabibu zipo na ubuyu haukosekani sokoni. Kinachoharibu kazi, na wakati mwingine kuhatarisha afya za wageni, ni mambo kadhaa yanayoaminiwa bila kuchunguzwa.

Dhana iliyo hatari kuliko zote ni ile isemayo kwamba maziwa mabichi hayana neno, maadamu yatagandishwa. Ukweli ni kwamba baridi huvilaza vijidudu, haiviui. Brusela, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu pia, na kifua kikuu cha ng'ombe huweza kumfikia mtu kupitia maziwa yasiyochemshwa, na uchachu wa mtindi nao si kinga ya kutegemewa. Kwa hiyo maziwa yachemshwe kwanza, yaachwe yapoe hadi yawe vuguvugu, ndipo yatiwe mtindi kidogo uliotengenezwa kwa maziwa salama ili uyageuze yote kuwa mtindi. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu katika sherehe wanaokimbilia bakuli la kwanza ni watoto, na watoto ndio wanaoumia zaidi.

Wapo pia wanaoamini kinyume chake, kwamba friza huua bakteria wote wenye manufaa waliomo katika mtindi. Nao wanakosea kwa sababu ile ile: wengi wa bakteria hao hulala tu, kisha huamka joto linaporudi. Hupungua kiasi, lakini hawaishi.

Malalamiko ninayoyasikia mara nyingi zaidi ni kwamba mtindi wa nyumbani lazima utoke mgumu kama jiwe, na kwamba bila mashine maalumu hakuna la kufanya. Hapa tatizo ni maji. Karibu asilimia 87 ya maziwa ni maji, na mtindi unaomiminwa kwenye friza bila kuchujwa hutengeneza chembe kubwa za barafu zinazokwaruza ulimi. Tandika kitambaa safi cha pamba juu ya chujio, mimina lita 2 za mtindi usioondolewa mafuta, funika, kisha acha ndani ya friji usiku kucha. Asubuhi utakuta chini yake maji ya manjano yanayoelekea ukijani, na juu ya kitambaa mtindi mzito unaosimama kwenye kijiko, takribani nusu ya ule uliomimina. Maji hayo hayatupwi, kwani yanafaa kupikia uji.

Sukari nayo hudhaniwa kuwa ni ya utamu peke yake, hivyo mwenye nia njema huipunguza hadi karibu kuiondoa, kisha akashangaa kijiko hakipenyi. Sukari huzuia sehemu ya maji isigande, na ndiyo inayoleta ulaini. Gramu 200 kwa lita moja ya mtindi uliochujwa ni kipimo kizuri. Asali ya Singida inaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya sukari hiyo, ila asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Na kwa kuwa sukari ni nyingi kiasi hicho, haifai kudai kwamba chakula hiki hakina madhara kwa sababu tu kina mafuta machache kuliko aiskrimu. Mgonjwa wa kisukari apewe kidogo na aambiwe kilichomo.

Kuhusu matunda, nilidhani zamani kwamba zabibu mbichi zilizopondwa zingetosha, nikaishia kupata vipande vya barafu ya zambarau. Zabibu za Hombolo au Mpunguzi zina maji mengi, kwa hiyo zichemshwe na sukari kidogo hadi rojo lishike mwiko, zichujwe mbegu, zipozwe kabisa ndipo zichanganywe. Unga wa ubuyu hauna shida hiyo. Wenyewe huongeza uzito na uchachu mzuri. Baada ya hapo, tumia chombo kipana chenye kina kifupi, na kila baada ya nusu saa koroga kwa nguvu ukianzia kingoni, ambako barafu huanza, kwa muda wa saa tatu hivi.

Limebaki suala la umeme kukatika. Wengi huamini kwamba mtindi ulioyeyuka ukirudishwa kwenye friza unakuwa mpya tena. Ukiwa bado una barafu ndani na ni baridi, unaweza kugandishwa upya, ingawa ulaini utapungua. Ukiwa umeyeyuka wote na kukaa kwenye joto zaidi ya saa mbili, umwagwe. Siku ya shughuli, utoe dakika 10 au 15 kabla ya kupakua, chombo kikae kivulini juu ya beseni la barafu, na wapakuliwe kwanza walioketi mbali na turubai.