Andiko la utafiti: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Andiko la kuombea fedha za utafiti linataka Kiingereza kizito." Unguja na Pemba neno hili halikauki midomoni, na linawavunja moyo vijana wenye mawazo mazuri. Ukweli ni kwamba msomaji wa maandiko ana rundo mbele yake, na kitu cha kwanza anachokitafuta ni swali. Akifika ukurasa wa pili bado hajajua unataka kuchunguza nini, ufasaha haukuokoi.

Inayoharibu maandiko mengi zaidi, kwa maoni yangu, ni dhana kwamba tatizo likiwa kubwa ndipo fedha zinakuja. Chukua kichwa hiki: "Athari za mabadiliko ya tabianchi kwa kilimo cha mwani Zanzibar." Hiyo ni kazi ya maisha mazima. Tunajua kwamba cottonii, aina ya mwani yenye bei nzuri kuliko ile iitwayo spinosum, hufa maji ya karibu na ufukwe yakipata joto. Basi uliza hivi: katika miezi ya kaskazi, yenye joto, huko Micheweni, Pemba, je, cottonii ya kwenye kamba zinazoelea maji ya kina inakua vizuri kuliko ya kwenye vigingi vya karibu na ufukwe? Hapo pana mahali, msimu, cha kupima na cha kulinganisha. Ukiongeza ni wakulima gani watakaomudu kufika huko, maana wengi wao ni wanawake na maji ya kina yanataka chombo na kujua kuogelea, umegusa jambo ambalo mama mwenye shamba angekuuliza mwenyewe.

Wapo wanaodhani ratiba ni ya kujazia ukurasa. Andiko likipanga kutembelea mashamba ya vigingi kila Jumatatu, ni wazi mwandishi hajawahi kushuka pwani. Mashamba hayo hufanyiwa kazi maji yanapotoka sana, wakati wa bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Jumatatu ikiangukia maji mafu, yasiyotoka sana, siku imepotea na posho imeliwa.

"Bajeti izidishe, watapunguza wenyewe." Usifanye hivyo. Nauli ya boti mpaka bandari ya Mkoani, Pemba, mizani, posho ya wasaidizi: kila mstari uoane na kazi uliyokwisha kuitaja. Mmoja usio na kazi unaitia shaka mingine yote.

Kibali kilichotolewa Dar es Salaam pia hakitoshi. Zanzibar ina utaratibu wake wa vibali vya utafiti, na muda wa kuvisubiri uingie kwenye ratiba.

Halafu ile ya kwamba fedha ni kujuana. Ruzuku za ushindani, kama zile za MASMA, mpango wa kugharimia utafiti wa bahari wa WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi yenye makao yake hapa Unguja, zina vigezo vinavyotangazwa. Visome kimoja kimoja. Ukikataliwa, omba maoni ya waliolisoma andiko, rekebisha, peleka tena. Na kabla ya kulipeleka, mpe mtu wa fani nyingine ukurasa wa kwanza tu, akwambie swali lako ni lipi. Akishindwa, uandike upya ukurasa huo.