Cheo cha Breadalbane kimelala, hakijafa

Wengi huamini kwamba cheo cha kikabaila cha Uskoti kikikosa mwenyewe, kimekufa. Sivyo. Cheo cha Earl wa Breadalbane na Holland kilianza mwaka 1681. Earl wa 10 alipofariki mwaka 1995, hakuna aliyethibitisha kuwa mrithi wake, basi kimelala. Cheo hufa pale tu wanaostahili kukirithi wanapokwisha kabisa.

Na uthibitisho wenyewe si kazi ndogo. Mwaka 1862 jamaa wawili wa mbali walikigombea cheo hichohicho. Mmoja alidai baba wa mwenzake ni mwana wa nje ya ndoa, kwani nyanya ya huyo mwenzake alitoroka na askari huku mumewe yu hai. Mwaka 1867 Bunge la Malodi, lililokuwa pia mahakama ya juu ya rufaa, liliamua: mume yule alipokufa, mwanamke huyo na askari wake waliendelea kuishi na kujulikana kama mke na mume, na kwa sheria ya Uskoti ya wakati huo hiyo ilikuwa ndoa.