Kodi ya Miezi Sita, Rejesho la Kila Mwezi

Anayekuja kwetu kuomba mkopo wa nyumba ya kupangisha huwa ameshapiga hesabu zake kwenye simu: vyumba sita, kila kimoja 80,000, jumla 480,000 kwa mwezi. Anataka shilingi milioni 30. "Nyumba itajilipa yenyewe," anasema.

Tupige tena. Milioni 30 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, inayotozwa kwenye salio la deni, kwa miaka 10, rejesho ni kama 502,500 kwa mwezi. Vyumba vyote vikijaa na kila mpangaji akilipa, bado pesa haitoshi. Akiongezewa muda hadi miaka 15, rejesho linashuka hadi 440,600 hivi, na hapo wengi hushusha pumzi. Zidisha basi kwa miezi 180: takriban milioni 79 zimelipwa kwa mkopo wa milioni 30. Na hatujagusa kodi ya serikali, rangi, wala chumba kilichokaa kitupu tangu Machi.

Mimi nahesabu hivi. Kila chumba nakipa mwezi mmoja mtupu kwa mwaka, kwa hiyo 480,000 inakuwa 440,000. Natoa kodi ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), asilimia 10, natoa 40,000 ya matengenezo, inabaki 356,000. Rejesho lisizidi theluthi mbili ya hiyo. Kwa nyumba hii, hapo unapata mkopo wa kama milioni 14 kwa miaka 10. Najua si jibu analolipenda mtu aliyeshaongea na fundi, lakini vyumba vitatu vilivyokwisha na vina wapangaji ni bora kuliko sita vilivyoishia kwenye lenta.

Linalowaangusha wengi, hata waliokopa kwa kiasi, ni kalenda. Dar es Salaam kodi hulipwa kwa miezi sita au mwaka mzima, ilhali benki inakata kila mwezi. Januari zinaingia 2,880,000 kwa mpigo. Hapo hapo kuna ada za watoto na shemeji ana shida. Aprili akaunti haina kitu na Julai iko mbali. Kwa hiyo fungua akaunti ya nyumba peke yake, na wapangaji waingie miezi tofauti: wawili Januari, wawili Machi, wawili Mei.

Kuhusu kodi (Kiswahili chetu kimempa mwenye nyumba na serikali neno moja), mfanyabiashara aliyepanga fremu yako ya duka anatakiwa kukata asilimia 10 na kuipeleka TRA. Mdai uthibitisho wa malipo. Kodi ya majengo nayo, tangu 2021, inakatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Mpangaji anaponunua umeme anailipa yeye wakati deni ni la mwenye nyumba, kwa hiyo mrudishie au mkubaliane kwenye mkataba kabla manung'uniko hayajaanza.

Kama dhamana ni nyumba ya familia, njoo na mwenzi wako. Sheria ya Ardhi inataka ridhaa yake, na tumeona maombi yakikwama hatua ya mwisho kwa sababu mama alikuwa hajui lolote.

Nyumba ikishajaa, ugomvi mwingi unaanzia kwenye mita. Vyumba sita, LUKU moja, na mmoja ana friji na pasi. Mita ndogo kwa kila chumba inagharimu kidogo ukilinganisha na mpangaji mzuri anayehama. Mkataba uwe wa maandishi hata kama alikuja kupitia kwa dalali unayemfahamu: kiasi, tarehe, muda wa notisi, nani anatengeneza bomba likipasuka. Siku ya kumkabidhi ufunguo pigeni picha sakafu, milango na namba zinazosomeka kwenye mita, kisha mtumie picha hizo hizo kwenye simu yake.