“Fundi, Ongeza Spika”: Dhana Potofu Kuhusu Bendi Ndogo na Vyombo Vichache

Nimekuwa fundi mitambo wa bendi za watu watatu hadi watano zinazopiga kwenye baa za bustani, hoteli na shughuli za harusi jijini Dar es Salaam, na sina hesabu ya mara nilizoambiwa kwamba mwimbaji hasikiki kwa sababu spika ni ndogo. Mwenye baa huniambia, mwenye shughuli huniambia, mshereheshaji hulitangaza jambo hilo kwenye maiki mbele ya wageni, na juzi nimeambiwa na mpiga solo wa bendi tunayofanya nayo kazi, ambaye amplifaya yake ndiyo iliyokuwa ikimfunika huyo mwimbaji anayemhurumia. Nimenyamaza vya kutosha.

Dhana yenyewe husemwa hivi: wati nyingi ndizo sauti nyingi, kwa hiyo bendi isiyosikika ikodi spika kubwa zaidi. Hesabu inakataa. Ukizidisha nguvu ya amplifaya mara mbili, kutoka wati 200 hadi 400, unapata nyongeza ya desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ambayo msikilizaji ataitambua lakini haitamshtua. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekua maradufu, inahitajika nyongeza ya takribani desibeli 10, yaani nguvu mara kumi, na hapo wati 200 zinakuwa 2,000. Utahitaji gari la kubebea, jenereta la kuzilisha na vijana wa kupakia na kupakua, ilhali malipo ya bendi yanabaki yaleyale.

Umbali una uzito kuliko wati. Mahali pa wazi, kila umbali kutoka kwenye spika unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6. Chukua spika ambayo kwa wati 1 hutoa desibeli 97 katika umbali wa mita 1. Kwa wati 200, kwenye karatasi, itatoa desibeli 120 katika umbali huohuo, lakini aliyeketi mita 16 mbele yake atapata 96. Msogeze mtu huyo, au spika hiyo, hadi umbali uwe mita 8, naye atapata 102, nyongeza ambayo kwa njia ya wati ungeilipia kwa kuzizidisha mara nne. Ndiyo maana ninapokwenda kukodi vyombo huuliza kwanza usikivu wa spika, yaani hiyo namba ya wati 1 kwa mita 1, na sijali sana maandishi makubwa ya wati yaliyobandikwa kwenye boksi, kwa sababu mara nyingi ni ya kilele cha papo kwa papo tu.

Hata hivyo, hayo yote ni utangulizi, kwa kuwa bendi ndogo kwa kawaida haifiki hata nusu ya nguvu ya spika ilizonazo. Inazuiwa na maiki kulia. Sauti ya mwimbaji inaingia kwenye maiki, inapita kwenye mikisa, yaani mtambo wa kuchanganya sauti, na amplifaya, inatoka kwenye spika, na sehemu yake inarudi kwenye maiki ileile. Ikirudi ikiwa na nguvu sawa na ile iliyoingia mwanzo, au zaidi, mzunguko unajilisha wenyewe na ukumbi mzima unapigiwa filimbi. Mpaka huo unategemea mahali ilipo maiki, mahali ilipo spika na umbali wa kinywa. Amplifaya yenye wati nyingi zaidi itaufikia mpaka uleule, ila itaufikia kwa kitufe kuzungushwa kiasi kidogo zaidi, na filimbi itakayofuata itakuwa na uwezo wa kuwaumiza watu.

Kwa hiyo tuanze na kinywa. Mwimbaji anayesimama sentimita 20 kutoka kwenye maiki, akisogea hadi sentimita 5, anaiongezea sauti yake takribani desibeli 12 bila mtu kugusa chochote, na hapo nimempa kile ambacho wati zake zingempa kwa kuzizidisha mara kumi na sita. Kusogea huko huinua pia sauti nzito, kwa hiyo ninakata masafa yaliyo chini ya hezi 100 kwenye mikisa, na maneno yanabaki safi. Kisha mkono. Maiki za kawaida za jukwaani, kama Shure SM58 ambayo imekuwa sokoni tangu mwaka 1966, husikia zaidi upande wa mbele na kuziba sikio upande wa nyuma, na hufanya hivyo kwa msaada wa matundu yaliyo nyuma ya kiwambo, ndani ya kile kichwa cha wavu. Anayekikumbatia kichwa hicho kwa kiganja, kama alivyozoea kuona kwenye video, anayaziba matundu hayo, maiki inaanza kusikia pande zote, sauti ya monita, yaani ile spika iliyo miguuni pake ya kumwezesha kujisikia, inaingia, na filimbi inaanza. Baada ya hapo huniambia kwamba maiki ni mbovu, niibadilishe. Nimewahi kumbadilishia mwimbaji maiki tatu katika usiku mmoja, zote nzima, kwa amri ya mtu ambaye hakutaka kuambiwa kuhusu kiganja chake.

Idadi ya maiki nayo ina gharama. Kila unapozidisha mara mbili idadi ya maiki zilizo wazi unapoteza takribani desibeli 3 kabla ya filimbi kuanza. Bendi ya watu wanne iliyofungua maiki nne, mbili kati yake zikiwa za waitikiaji wanaoimba kiitikio kimoja kila baada ya dakika mbili, imejinyima desibeli 6 ambazo mwimbaji mkuu angezitumia. Wawili hao wanaweza kuimba kwenye maiki moja, mabega yakigusana, na kusema kweli wanaimba kwa upatano zaidi wakiwa hivyo.

Miezi kadhaa iliyopita tulipiga kwenye baa moja yenye paa la mabati: gitaa, besi, dramu na mwimbaji wa kike mwenye sauti ya kati, pamoja na spika mbili za inchi 12 zilizowekwa juu ya meza. Nusu saa haijapita, mwenye baa akaleta spika nyingine mbili za kukodi na kuagiza zisimamishwe nyuma ya bendi, ili wanamuziki nao wasikie. Maiki ikalia papo hapo. Wakati wa mapumziko nilizichomoa, nikaziacha pale pale zilipo. Zile mbili za mwanzo nikazipandisha kwenye stendi hadi pembe zake, yaani zile tarumbeta ndogo zinazotoa sauti kali, zikawa juu ya vichwa vya waliosimama, kwa kuwa miili ya watu humeza sauti kali zinazobeba konsonanti, nikazisogeza mita mbili mbele ya mstari wa maiki. Mpiga dramu nilimwomba aweke kando fimbo na kutumia brashi, maana dramu kamili inayopigwa kwa nguvu inavuka desibeli 100 karibu na mpigaji, na chini ya mabati hakuna koo linaloweza kuishinda.

Yakabaki maudhi ya mpiga gitaa. Amplifaya yake ilikuwa sakafuni, mita moja nyuma yake, ikipuliza magotini kwake na kupita hadi kwenye meza ya kwanza ambako watu walikuwa wakizungumza kwa kupigiana kelele. Yeye mwenyewe hakuisikia vizuri, kwa hiyo kila wimbo aliiongeza kidogo. Niliipandisha juu ya kreti mbili za bia na kuiinamisha nyuma ili imwelekee masikioni. Alipiga nota mbili, akageuka, akaipunguza kwa mkono wake bila kuambiwa. Kipindi cha pili kila neno la mwimbaji lilifika hadi jikoni. Mwenye baa akaja kunipongeza, akaniambia nimeona sasa jinsi spika zake zilivyosaidia. Waya zake zilikuwa zimekunjwa chini ya kiti changu. Sikumjibu, na pengine ndiyo sababu dhana hii haifi.

Anayedhani kwamba muziki wa kuchezesha watu ni lazima uwe na mlima wa spika aende Zanzibar akasikilize kidumbak. Ni ngoma mbili ndogo ambazo ndizo zilizoupa muziki huo jina, fidla, cherewa (manyanga), mkwasa (vijiti vya kugonganisha) na sanduku, yaani besi ya boksi la mbao lililofungwa ugwe mmoja kwenye mti. Muziki huo umechezesha harusi kwa miaka mingi kwa nguvu ya mikono tu, na siri yake ni kwamba kila chombo kina nafasi yake: sanduku liko chini peke yake, ngoma ziko katikati, cherewa na mkwasa ziko juu, na fidla inaachiwa njia ya kujibizana na mwimbaji. Sauti zimepangwa kabla hazijafika kwa fundi.

Hapo ndipo ninapoikataa dhana ya pili, inayodai kwamba bendi ya watu watatu lazima kila mmoja apige zaidi ili kujaza nafasi. Kinachojaa ni tope. Mpiga kinanda aliyezoea kupiga peke yake kanisani au hotelini anaendelea kuitembeza besi kwa mkono wa kushoto ilhali mpiga besi amesimama pembeni yake. Wanatofautiana kidogo tu kwa wakati, na matokeo yake ni mvumo usio na nota. Mkono huo ushike kiti. Katika bendi kubwa za dansi mpiga rizimu alijua kukaa mbali na solo kwenye shingo ya gitaa, na nidhamu hiyo inahitajika zaidi pale ambapo wapo wachache.

Kuhusu kinanda hichohicho, nitasema kwa ufupi: iwapo mikisa yako inatoa sauti kwa njia moja, chomeka waya mmoja kwenye tundu la kushoto, lile ambalo kwenye vinanda vingi limeandikwa pia “mono”, vinginevyo unatupa nusu ya sauti zilizopangwa pande mbili. Na gitaa la akustika lenye pikapu (kinasa sauti cha ndani ya gitaa) isiyo na betri lisichomekwe moja kwa moja kwenye mikisa kwa waya wa mita kumi na kisha mtu alalamike kwamba linasikika kama limefunikwa blanketi. Kisanduku cha DI, kinachoiandaa sauti ya gitaa isafiri mbali bila kufifia, na waya wa XLR, yaani ule wa maiki wenye pini tatu, hutatua jambo hilo, na bei yake ni ndogo kuliko kukodi spika kwa siku chache.

Dhana ya tatu sina subira nayo hata kidogo, kwa sababu inaua. Spika zikivuma mvumo mzito usioisha, kuna fundi atakayekwambia ukate pini ya ethi kwenye plagi ya amplifaya, na ni kweli kwamba mvumo mara nyingi utakoma. Lakini ethi ndiyo njia ya kuutoa umeme unaovuja. Ukiikata, njia itakayobaki inaweza kuwa ni mwimbaji mwenye gitaa mkononi na midomo kwenye maiki. Mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alifariki jukwaani mjini Swansea, Wales, mwaka 1972, baada ya kugusa maiki katika mitambo isiyokuwa na ethi sahihi. Vyombo vya bendi ndogo vinaweza kulishwa vyote kutoka soketi moja yenye ethi nzima, na hilo peke yake huondoa mvumo mwingi; ukibaki, visanduku vingi vya DI vina swichi ya kutenganisha ethi ya waya wa sauti bila kuigusa ile ya umeme. Friji ya baa itafutiwe soketi yake.

Wengine husema kupima sauti ukumbi ukiwa mtupu ni kupoteza muda kwa sababu watu wakiingia kila kitu hubadilika. Hubadilika, hasa sauti kali hupungua na mwangwi hufifia, lakini waya mbovu, maiki iliyoelekezwa vibaya na monita iliyokaa mahali pasipofaa havibadilishwi na wageni. Maiki kama SM58 inataka monita iwe nyuma yake moja kwa moja. Maiki ya Shure Beta 58A, ambayo ni finyu zaidi mbele, ina uziwi wake kwenye pembe mbili za nyuma, kwa hiyo monita isogezwe pembeni. Hilo hupimwa saa kumi jioni, watu wakiwa bado nyumbani.

La mwisho ni la masikio yetu sisi tunaokaa karibu na vyombo. Husemwa kwamba bendi ndogo haiwezi kudhuru masikio. Kipimo kinachotumiwa na taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu, hadi kufikia dakika 15 kwa desibeli 100. Mpiga dramu wa bendi ya watu watatu anazimaliza dakika zake kabla wimbo wa nne haujaisha. Pamba inayosokotwa na kuingizwa sikioni haizuii kitu cha maana. Vizibo vya wanamuziki vyenye chujio hushusha sauti zote kwa uwiano unaokaribiana, hivyo nota zinabaki wazi. Ninavyo jozi mbili kwenye boksi la waya, na yule mpiga solo wa juzi ameshaazima moja na hajairudisha.