Kitufe cha Mkazo kwenye Kibodi ya Kiaisilandi ni Kizima

Karibu kila ninayemfundisha kuandika Kiaisilandi kwa kompyuta huniletea lalamiko lile lile: amebonyeza kitufe cha mkazo, yaani alama ´ inayokaa juu ya vokali, kilicho kulia kwa Æ, skrini haikuonyesha chochote, na sasa anataka kibodi nyingine. Wengine hukigongagonga hadi neno likajaa vijistari, kisha wakakata shauri kwamba ni kibovu. Kitufe hicho ni kizima, na kule kunyamaza ndiko kufanya kazi kwake.

Kitufe hicho ni cha aina inayoitwa kitufe kifu, kisichotoa kitu hadi kifuatwe na herufi, na vitufe vifu ni urithi wa taipureta. Kitufe cha kawaida kilipiga herufi na kusogeza karatasi hatua moja, ilhali kitufe kifu kilipiga alama bila kuisogeza, ili vokali inayofuata ipigwe pale pale chini ya alama. Kompyuta imeuhifadhi utaratibu huo wa vidole, ila haichapi vitu viwili: huishika ´ kwenye kumbukumbu, husubiri, na ukibonyeza a hutoa herufi moja kamili, á. Kwenye Windows hakuna kinachoonekana wakati wa kusubiri, na hapo ndipo subira ya watu inapokwisha. Wakibonyeza mara ya pili hupata ´´, kwa sababu mkazo hauwekwi juu ya mkazo. Wakifuatisha s hupata ´s, kwa sababu mpangilio wa kibodi ya Kiaisilandi hauna s yenye mkazo. Anayetaka alama peke yake na afuatishe kitufe cha nafasi. Ushauri ambao sichoki kuurudia ni huu: gusa kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, inua kidole kabisa, ndipo ubonyeze vokali, wala usitazame skrini katikati ya hatua hizo mbili.

Si kweli kwamba kitufe hicho hushikiliwa pamoja na vokali kama Shift, wala kwamba mkazo hufuata baada ya vokali. Ukitaka Á, bonyeza ´ na kuiachia, kisha Shift pamoja na a.

Wapo pia wanaohangaika kuweka mkazo juu ya d wakitafuta ð. Herufi nne zina vitufe vyake: Ð iko kulia kwa P, Æ kulia kwa L, Þ kulia kwa nukta, na Ö kulia kwa 0.

Dai kwamba mkazo ni pambo linaloweza kuachwa halivumiliki. Katika alfabeti ya Kiaisilandi yenye herufi 32, á, é, í, ó, ú na ý ni herufi zinazojitegemea, na á hutamkwa takribani "au". Vín ni mvinyo, lakini vin ni rafiki anapokuwa mtendwa katika sentensi. Líta ni kutazama, lita ni kutia rangi. Anayeacha mkazo ameandika neno jingine.

Kwa Waswahili wanaotumia mpangilio huu, kosa la kudhani kwamba ´ ni ritifaa (') lina hasara yake. Ukiandika ng, ukabonyeza ´ kisha o, utapata "ngómbe". Ukiponyoka kwa kitufe cha nafasi utapata "ng´ombe", neno linaloonekana sawa machoni ilhali kwa kompyuta lina alama tofauti kabisa, kiasi kwamba atakayetafuta "ng'ombe" ndani ya waraka wako huenda asilipate. Ritifaa halisi iko kwenye kitufe kilicho kulia kwa Ð, nayo hutokea papo hapo bila kusubiri herufi yoyote.