Si kila jibini huyeyuka

Wengi hudhani jibini isipoyeyuka ndani ya sandwichi ya kukaanga, dawa ni kuongeza moto. Sivyo. Moto mkali huunguza mkate kabla joto halijafika katikati. Punguza moto, funika kikaango.

Lakini zipo jibini zisizoyeyuka hata ukikesha jikoni. Paneer, kwa mfano, hugandishwa kwa asidi kama maji ya ndimu, na protini zake hushikana badala ya kulegea. Usiitupe! Ikaange kando mpaka iwe ya rangi ya dhahabu, kisha ipange ndani ya mkate juu ya mozzarella, jibini ambayo huyeyuka na kuvutika, pamoja na vitunguu vilivyokaangwa polepole. Utamu wa vitunguu hivyo ukikutana na chumvi ya jibini, mimi sina la kuongeza.