Kuwa na mtoto msituni hakukumfanya mzazi kuwa mwasi

Kuna ujumbe wa sauti unaorudi kila mara kwenye magrupu ya WhatsApp: eti katika vita vya kaskazini mwa Uganda, kati ya serikali na waasi wa LRA wa Joseph Kony, kila familia ya Waacholi, kabila la huko, iliyokuwa na mtoto msituni kwa waasi ilimtoa kwa hiari. Si kweli, na unaumiza.

Katika vita hivyo, vilivyoanza miaka ya 1980, maelfu ya watoto walitekwa nyara na waasi hao. Oktoba 1996, huko Aboke, wasichana 139 walichukuliwa usiku mmoja kutoka shule ya bweni. Miaka michache baadaye, kila jioni watoto walitoka vijijini kwa miguu, blanketi kichwani, kwenda kulala kwenye varanda za mjini Gulu ili wasitekwe. Mzazi anayetaka mwanawe awe mwasi hamfichi hivyo.

Kinachowachanganya watu ni kwamba nyumba moja iliweza kuwa na kijana aliyetekwa na kaka yake aliyevaa sare ya serikali. Mama yao aliwalilia wote wawili. Tena kuna mapokezi: anayerudi hukanyaga yai bichi kwenye lango la boma, atakaswe kabla ya kuingia. Wengine huona hayo ni kuunga mkono uasi.

Ukitaka kuhakikisha, waulize wazee wa Gulu na Kitgum. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Huenda kwenye grupu lako yumo aliyewahi kulikanyaga yai hilo.